Msafiri Aliyeombewa

Jumapili moja katikati ya Mei, Gadiel Sumari alipiga magoti mbele ya madhabahu ya usharika wa kwao Kikatiti, akaombewa safari ya Paris. Alivaa shati jipya la kitenge cha bluu, zawadi ya kwaya. Mchungaji aliweka mkono kichwani pake, wazee wa kanisa wakaweka yao mabegani, na mmoja wa wazee hao alikuwa mama yake mzazi, Elinami. Mkono wake Gadiel aliutambua hata macho yakiwa yamefumbwa, kwa ule ugumu wa kukata mikungu ya ndizi miaka nenda miaka rudi.

"Bwana, mfikishe salama, na umrudishe salama," aliomba mchungaji.

Kanisa zima likaitikia amina. Ndani ya kanisa lile alikuwemo mtu mmoja tu aliyejua kwamba viza ilikuwa haijatoka, naye ndiye aliyekuwa amepiga magoti.

Gadiel hakuwa tapeli. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, anaishi Ngarenaro kwenye chumba cha kupanga, na kazi yake ilikuwa kutunza viwanja viwili vya tenisi vya udongo katika klabu moja mjini Arusha. Aliipenda kazi ile mpaka watu wakamwona kama ana kasoro. Udongo wenyewe haukuwa wa kuokota popote. Ulikuwa udongo wa vichuguu, ambao rafiki yake Lerionka aliuleta kwa pikapu kutoka Ngaramtoni. Gadiel aliuponda, akauchekecha, akautandaza, akaumwagilia na kuushindilia kwa rola ya zege mpaka ukang'aa mwekundu kama tofali lililotoka tanuruni. Mwanachama akiingia na viatu vya soli mbaya, Gadiel alimtoa, awe meneja wa benki au nani. "Ukitaka kulima, shamba liko Kikatiti," alimwambia, na hakucheka.

Mtu wa kwanza kuuona udongo ule kwa macho aliyoyataka Gadiel alikuwa Bibi Odile, nesi mstaafu wa Kifaransa aliyekaa Arusha miaka miwili. Siku moja aliusugua kwa ncha ya kiatu, akainama akaugusa kwa kiganja, akasema, "Gadiel, huu wako ungetandazwa Paris na wachezaji wasingejua." Akamweleza habari za mashindano makubwa ya kule, yanayochezwa juu ya vumbi la tofali, jinsi kila seti ikiisha wanaingia watu wanaburuta nyavu kufuta nyayo, na jinsi wanavyomwagilia kwa mipira mirefu ya maji huku maelfu ya watu wamekaa kimya wakiwatazama. Maelfu ya watu, wakimtazama mmwagiliaji! Tangu siku hiyo Gadiel hakuwa na raha.

Bibi Odile aliporudi kwao hakumsahau. Mwaka huu aliandika kwamba amepata tiketi mbili za Jumanne ya kwanza ya mashindano, na kwamba atampokea na kumlaza kwake. Barua ya mwaliko ikaja. Gadiel akanunua daftari, akaanza kupanga. Alichora kituo cha treni cha uwanja wa ndege, akachora njia za kubadilisha treni, akachora lango na ngazi na safu ya viti vyao. Ukurasa mzima aliujaza maswali ya kuwauliza wamwagiliaji: Maji kiasi gani kukiwa na upepo? Mnafunika saa ngapi mvua ikikaribia? Chini ya vumbi mmeweka nini? Majina ya wachezaji hayakuwemo katika daftari lile hata moja.

Kwenye fomu ya viza, palipoulizwa sababu ya safari, aliandika kwa Kiingereza chake kilichonyooka: kutazama tenisi na kuangalia udongo.

Sasa, Kikatiti hakuna jambo linalopangwa bila kamati. Harusi ina kamati, msiba una kamati, na mtoto wa mzee wa kanisa akienda Ulaya ni lazima kamati iwepo. Mama Elinami hakuiomba. Iliundwa tu, siku moja baada ya ibada, chini ya bati la ofisi ya usharika. Mwenyekiti alikuwa Bwana Aristides, Mchaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu aliyekwenda China mara mbili na hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Katibu alikuwa Pudensiana, jirani na rafiki wa mama yake, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Walijadili kwa saa nzima kama msafiri apeleke kahawa au ndizi za kukausha. Walijadili koti. Walijadili nani amsindikize mpaka uwanja wa ndege, na kama Noah moja inatosha.

Gadiel aliitwa kwenye kikao cha mwisho, akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati yao kama bwana harusi. Hapo ndipo Aristides alipomgeukia.

"Kijana, hebu tuambie kiume. Unakwenda kutazama huo mpira wa kugonga, au unakwenda kuzamia?"

Watu wakacheka. Mama yake naye akacheka kidogo, kwa adabu.

"Nakwenda kutazama, narudi," Gadiel alisema.

"Wote husema hivyo. Mimi nimepita Guangzhou mara mbili, nimewaona waliokwenda kutazama. Bado wanatazama mpaka leo." Kicheko tena. "Na viza ipo? Maana viza siyo kadi ya kliniki, kwamba ukifika tu unapewa."

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Gadiel apeleke maombi, na kwenye mtandao aliambiwa kila siku kwamba yanashughulikiwa. Angesema hivyo, kikao kingeendelea, na Aristides angekuwa na kicheko cha tatu. Basi. Kicheko kimoja tu. Lakini Gadiel alikuwa mtu wa kuweza kumeza jiwe kuliko kumeza kicheko cha Aristides.

"Ipo," alisema.

"Bwana asifiwe!" Pudensiana alipiga makofi, akafungua daftari lake. "Basi hapa pana jambo moja. Jumapili inayofuata ni kipaimara, ratiba imejaa mpaka pomoni, mchungaji amesema hataki hata tangazo la kuku aliyepotea. Msafiri wetu tumuage Jumapili hii."

Mama yake alimtazama kwa macho yaliyokuwa yanang'aa. Gadiel akasema sawa. Alijiambia kwamba viza itatoka Jumatatu, na uongo utakuwa umegeuka kuwa ukweli kabla haujamdhuru mtu.

Pasipoti ilirudi Alhamisi. Aliichukua kwenye ofisi ya vifurushi mjini, akatembea nayo mpaka klabu bila kufungua bahasha, akaenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Kurasa zilikuwa tupu. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi yenye visanduku, na kimoja kilitiwa alama: hatukuridhika kwamba mwombaji ana nia ya kurejea nchini kwake.

Aliisoma mara nne. Mara ya kwanza alidhani ni ya mtu mwingine. Mara ya nne hasira ilimpanda. Asirejee? Yeye? Amwachie nani rola? Nani angejua kwamba kiwanja cha pili hunywa maji zaidi upande wa mlima? Alitaka kumpata huyo mtu wa visanduku amshike mkono, amlete pale, amwonyeshe. Lakini hasira ilikuwa rafiki wa muda mfupi. Ilipoondoka ilimwachia yule mwingine, aibu, aliyekuwa anasubiri zamu yake tangu Jumapili.

Bibi Odile aliambiwa siku ile ile. Ujumbe ulimchukua dakika mbili kuuandika. Bibi alipiga simu akalia, akasema watajaribu tena mwaka ujao. Ukweli haukuwa mzito kuusema kwa mtu aliye mbali. Uzito wake ulikuwa kilomita thelathini hivi tu mashariki ya mji, kwa mwanamke aliyekuwa anamfungia kahawa kwenye mfuko wa karatasi.

Ijumaa mama yake akapiga.

"Noah imepatikana, baba. Tunakuja kesho saa nne, watu saba. Kwaya wanataka kuimba pale pale uwanjani."

"Mama, msije." Aliisikia sauti yake ikitoka nyepesi kama ya mtu mwingine. "Ndege imebadilishwa muda, naondoka alfajiri. Nimeshaongea na teksi."

"Alfajiri? Basi nije nilale huko kwako."

"Mama, chumba chenyewe unakijua. Nibariki tu kwenye simu."

Mama yake akaomba, palepale kwenye simu, maombi marefu, na Gadiel alisimama katikati ya chumba ameinamisha kichwa, begi tupu liko kitandani.

Jumamosi asubuhi alilibeba begi hilo, limejaa nguo sasa, akaelekea upande ulio kinyume kabisa na ule wa uwanja wa ndege. Alikwenda magharibi, Ngaramtoni, kwa Lerionka.

Lerionka alikuwa Mwarusha mrefu mwenye mahindi, maharage, ng'ombe wanne na mbuzi asiopenda kuwahesabu mbele ya watu. Alimsikiliza Gadiel mpaka mwisho, akaangalia begi, akacheka mpaka akashika nguzo ya zizi.

"Ero, kijana, kwa hiyo hapa ndiyo Paris?"

"Nifiche siku kumi na mbili tu."

"Nikufiche! Mke wangu, njoo umwone mgeni kutoka Ufaransa!" Nashipae akatoka jikoni, akamsalimu, na Lerionka alipomweleza, yeye hakucheka. Alimtazama Gadiel, akasema kwa upole, "Mama yako yupo?" Gadiel akasema yupo. Nashipae akarudi jikoni.

Mchana kulipokuwa na umeme walitazama mashindano kwenye televisheni ya Lerionka. Jumanne ilifika, siku ya tiketi. Gadiel alivaa lile shati la bluu bila kujua kwa nini. Kamera ilipita juu ya majukwaa, akatafuta safu aliyoichora kwenye daftari, lakini kamera haikukaa. Seti ya kwanza iliisha. Wakaingia watu wanne na nyavu zao, wakaanza kuburuta kwa kuzunguka, kutoka nje kuja ndani, taratibu, kama watu wanaofagia ua wa nyumba waliyozaliwa.

"Wanaanza nje!" Gadiel aliruka. "Umeona? Wanaanza nje!"

"Nimeona, kaka. Kaa chini, utapasua kioo."

Saa ile ile kwenye simu ukaingia ujumbe wa sauti wa mama yake. "Mwanangu, leo ndiyo siku yako. Umekaa vizuri? Baridi ikoje huko? Nitumie picha nimwonyeshe Pudensiana, amenisumbua."

Gadiel aliipiga picha televisheni, akaikata pembeni pasionekane fremu, akaituma. Kufikia jioni mama yake alikuwa ameiweka picha ile mahali palipokuwa na picha yake mwenyewe kwenye simu.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko.

"Utaoza humu ndani," Lerionka alimwambia. "Njoo unishikie kamba, nina mbuzi watatu wa kuuza. Nani wa kwenu anakuja Ngaramtoni?"

Palikuwa na baridi ya mawingu, Meru haukuonekana hata mguu. Gadiel alijifunga shuka la Lerionka mabegani, akavuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Mnadani palijaa watu na wanyama na vumbi lililolowa. Alichuchumaa nyuma ya mbuzi ameshika kamba, Lerionka amesimama mbele akiita wateja, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alijisikia ahueni kidogo, kwa kuwa hapo alikuwa mshika kamba tu.

"Shilingi ngapi huyu wa madoa?"

Sauti hiyo angeitambua kaburini. Hakuinua kichwa. Aliona viatu vya raba vya kijani vilivyoshonwa kisigino, pindo la khanga, na pembeni yake viatu vya Pudensiana.

"Huyu beberu ni mtu mzima, mama," Lerionka alisema kwa uchangamfu wa biashara. Alikuwa hajapata kumwona mama yake Gadiel hata siku moja. "Mwangalie mgongo. Ni wa sherehe au wa kufuga?"

"Wa kupokea mgeni. Tumetoka mbali kufuata bei nafuu ya huku. Mpunguze, hajashiba huyo." Mama Elinami akasogea kumpapasa mbuzi mgongoni, mkono wake ukashuka ubavuni, ukafuata shingo, ukafuata kamba, na kamba ikampeleka mpaka kwenye mkono wa mwanawe.

Walitazamana. Mbuzi mmoja alikuwa katikati yao.

Uso wa mama yake haukubadilika haraka. Ulifunguka kwanza, kama unaotaka kufurahi kabla haujajua kwamba haifai. Kisha ukasimama. Gadiel alitaka kusema shikamoo. Tangu ajue kusema hajawahi kufika mbele ya mama yake bila neno hilo, na sasa halikutoka.

"Pudensiana," mama yake aliita bila kugeuka, akasogea hatua moja ili mgongo wake na khanga yake vizibe nafasi ile. "Hebu niulizie bei ya chumvi ya mawe kule mwisho. Wasije wakafunga."

"Sasa hivi? Hatujamaliza hapa."

"Nenda, mwenzangu. Nakuja."

Viatu vya Pudensiana vikaondoka.

"Mgeni mwenyewe anatoka wapi, mama?" Lerionka aliuliza, kwa mazungumzo tu, huku akimgeuza mbuzi upande mzuri.

"Ni mwanangu," alisema Mama Elinami. Macho yake hayakutoka kwa Gadiel. "Yuko Ulaya. Alikwenda kuangalia udongo."

Lerionka akamtazama yule mama, akamtazama mtu aliyechuchumaa chini ya shuka lake, na mkono wake uliokuwa juu ya mgongo wa mbuzi ukaanguka. Mama Elinami alilipa bei aliyotajiwa, bila kupunguziwa hata senti, yeye aliyejulikana soko zima la Kikatiti kwa kubana. Akanyoosha mkono. Gadiel akamkabidhi kamba. Vidole havikugusana. Mama akaondoka na beberu wake akimvuta katikati ya watu, na mnyama alikuwa mbishi, akawa anamvuta huku anateleza, na mtoto wake wa kiume mwenye mikono ya kusukuma rola ya zege alibaki amechuchumaa pale pale akimtazama.

"Gadi," Lerionka alisema. "Yule ni mama?"

Gadiel aliitikia kwa kichwa.

"Nimemwuzia mama mbuzi. Nimemtajia mama bei ya mtu wa kupita!" Alikuwa amekasirika kweli sasa, anarusha mikono. "Huku kwetu mama wa rafiki ni mama. Akija napaswa kumpa, siyo kumwuzia. Umenifanya nini wewe? Wewe umekaa chini unatazama?"

Siku nzima ile Lerionka hakusema naye. Nashipae alimletea uji, akauweka, akaondoka.

Gadiel alingoja simu ya matusi. Aliitamani. Mama yake angempigia, angemwita mwongo na mpumbavu, angelia, yangekwisha. Simu haikuja. Ijumaa, kwenye kundi la kamati, Pudensiana aliandika: *Msafiri wetu anaendeleaje? Mbona kimya?* Watu wakaweka vidole gumba na ndege. Aristides akaandika, *Ameshazamia huyo*, akaongeza nyuso za kucheka. Dakika zikapita nyingi. Ndipo likatokea jina la mama yake, na maneno mawili chini yake.

*Anaendelea vizuri.*

Gadiel alikaa ameishika simu. Alimjua mama yake. Kuna mwaka alirudisha nyundo iliyoazimwa na marehemu mumewe, kilomita sita kwa miguu, kwa watu waliokuwa wamekwishasahau kwamba waliwahi kuwa na nyundo. Mwanamke huyo ndiye aliyekaa mahali fulani Kikatiti, akachapa maneno mawili kwa kidole kimoja, akayatazama, akayatuma. Alhamisi Gadiel alidhani ameonekana, na kwamba hiyo ndiyo aibu. Sasa alielewa kwamba ile ya Alhamisi ilikuwa ndogo.

Jumamosi alasiri ukaja ujumbe wa sauti, wa kwanza kwake tangu sokoni. Sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliyechoka.

"Mchungaji amenipigia. Anataka kesho nisimame wakati wa matangazo, nitoe salamu zako kwa washarika. Nitasema nini, Gadi?"

Hakukuwa na kingine. Aliusikiliza mara tatu akitafuta lawama ndani yake, hakuipata. Aliandika majibu, akayafuta; akaandika mengine, akayafuta. Asubuhi ya Jumapili aliondoka Ngaramtoni bila begi. Lerionka alimsindikiza mpaka barabarani, akampa mkono, akasema, "Mwambie mama pesa yake ya mbuzi ninayo." Akasita. "Hapana, usimwambie leo."

Alifika Kikatiti wimbo wa pili umeanza. Alisimama nje chini ya dirisha, akasikia masomo, akasikia mahubiri yote bila kushika hata sentensi. Wakati wa matangazo alisogea mlangoni. Pudensiana alisoma ratiba ya wiki, akasoma habari za kikundi cha akina mama, kisha mchungaji akatabasamu.

"Na msafiri wetu tuliyemwombea hapa? Mama Gadiel, tupe salamu."

Mama yake alisimama kwenye benchi la wazee. Alishika mgongo wa benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

"Mwanangu Gadiel..." alianza, akanyamaza. "Mwanangu..."

Gadiel akaingia. Alitembea katikati ya mabenchi na viatu vyake vya Ngaramtoni vyenye tope, na kabla hajafika katikati mwanamke mmoja akamwona, akapiga kigelegele. Wengine wakamfuata. Kanisa zima likageuka, likapasuka kwa shangwe. Walidhani wanafanyiwa mshtuko wa furaha. Mtu akampiga begani. "Amerudi! Amerudi mapema!" Aristides akasimama mahali pake, anacheka kwa furaha ya kweli, hakuwa na ubaya wowote usoni. "Ndege gani hiyo inayoshusha watu asubuhi hii? Karibu nyumbani, kijana, nimekusingizia!"

Vigelegele vilimfuata mpaka mbele. Ilibidi avingoje viishe, na havikuisha haraka.

"Sijarudi," alisema. Sauti haikufika mbali, akarudia. "Sijarudi. Sikwenda."

Kigelegele kimoja kilichochelewa kilikatika nyuma.

Aliwaeleza. Hakupamba. Alisema viza haikuwepo siku alipoombewa, kwamba aliulizwa na mwenyekiti akasema ipo kwa sababu hakutaka kuchekwa, kwamba karatasi ya kunyimwa ilikuja Alhamisi iliyofuata maombi yale, kwamba siku zote hizi alikuwa Ngaramtoni na picha ile aliipiga kwenye televisheni. Alipokuwa anasema alimwona Aristides akikaa chini polepole na kuanza kutazama viatu vyake. Afadhali angecheka. Wanakwaya walitazama shati lile la bluu alilolivaa, kisha wakaangalia pengine.

"Ninaomba mnisamehe," alimalizia. "Na mama yangu msimguse. Hakujua lolote. Nilimdanganya yeye kama nilivyowadanganya ninyi."

Alipolisema hilo alijisikia, kwa mara ya kwanza, ametenda jambo la kiume. Angalau huyo amemtoa.

"Hapana," alisema mama yake.

Alikuwa bado amesimama, ameshika benchi.

"Hapana, mchungaji. Nilijua. Alhamisi nilimwona sokoni kwa macho yangu. Pudensiana nilikutuma chumvi ili usimwone. Na Ijumaa nikaandika kwenye kundi kwamba anaendelea vizuri." Alivuta pumzi. "Na leo nilisimama hapa kuwaambia anawasalimu. Kama asingeingia, ningesema. Nilikuwa naanza kusema."

Pudensiana alifunika mdomo kwa daftari.

Gadiel alimgeukia. "Mama, kaa," alinong'ona. "Mama, tafadhali."

"Nikae wapi? Na wewe umetoka kudanganya tena sasa hivi, mbele ya madhabahu, kwa ajili yangu." Hakuinua sauti. Alimgeukia mchungaji. "Nimeketi benchi hili la wazee miaka kumi na tisa. Naomba nitoke. Kama wengine wanavyofanya wanapokosea, nami nitakuja kuomba kurudi kundini, kwa utaratibu, siku mtakayopanga."

Mchungaji alikuwa kijana, hakuwa na mwaka mmoja pale. Alifungua kitabu chake cha ibada, akakifunga. Alisema neno fulani juu ya neema, likamwishia katikati. Mwishoni akasema, "Tuendelee, tafadhali," na mpiga kinanda akaanza wimbo kwa sauti ya chini kuliko kawaida.

Mama Elinami alichukua kitabu chake cha nyimbo, akatoka kwenye benchi la wazee, akatembea peke yake njia nzima mpaka nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, wanapokaa waliochelewa na waliotengwa. Gadiel alimfuata. Watu walivuta miguu kuwapisha, na kila mguu uliovutwa aliuhisi.

Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Washarika walianza kusimama benchi kwa benchi kwenda mbele. Aristides alipita, Pudensiana akapita akilia waziwazi, kwaya ikapita. Mama yake, ambaye Gadiel hakumkumbuka akikosa Meza hiyo hata mwaka aliofiwa, alikaa na mikono mapajani akiwatazama wakienda na kurudi. Midomo yake ilifuata wimbo, bila sauti.

Gadiel alikaa kando yake, mikono yake mizito haina pa kuiweka.

"Sogea," mama yake alisema, akiendelea kutazama mbele. "Umekalia khanga yangu."

Akasogea.